Kifaru Aliyemnusa Binti Yake

Paukwa!

"Pakawa!"

Nani huyo kaitika kama anameza ugali? Tena! Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa na nini?

"Sema wewe, sisi tuna masikio!"

Haya. Pakawa na pua. Si pua ya mchezo, pua ya Kifaru.

Kifaru alikuwa na nguvu, alikuwa na ulafi, ila macho hakujaliwa. Mti ulio mbele yake anaugonga kwanza, ndipo auombe radhi. Lakini pua, jamani! Alinusa mvua kabla ya mawingu. Na kwa kuwa tumbaku ilimuua kaka yake, akaweka desturi nyumbani kwake. Kila jioni binti yake Kipusa anasimama mbele yake, anafungua kinywa, ananuswa. Fnn! Fnn! Hakuna tumbaku. "Nenda kalale, mwanangu."

Kipusa ndiyo kwanza anainukia, na mbio zake zilisifiwa bonde zima. Huko kwao kila kiangazi moto hushuka mlimani ukala nyasi zote, na asiyeweza kukimbia mpaka mtoni, basi tena. Kwa hiyo mtoto wa huko hulelewa pumzi kabla ya kulelewa tumbo.

Akaja Kicheche. Mnamjua Kicheche: kijimwili kidogo, mistari mgongoni, na kunuka huko, Mungu atunusuru.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe si ndiye yule wa tumbaku? Toka kabla sijakukanyaga!"

"Tumbaku nimetubu, mzee wangu. Siku hizi natengeneza mvuke wa matunda. Naomba kijisehemu tu, pale kwenye njia ya vijana ya kwenda mtoni. Nami kila asubuhi nitakuletea kapu la mapera."

Kifaru kusikia mapera, mate yakamdondoka. "Kapu moja tu?"

"Yasipotosha nitaongeza, mzee."

"Kaa!"

Mwoneni huyo! Hata hakuuliza mvuke wenyewe una nini ndani.

Kicheche hakutubu wala nini. Alichemsha tumbaku akachukua maji yake, akatia asali, akatia maji ya pera, akajaza vibuyu vidogo vya kuficha nyuma ya sikio. Kipusa akipita, anaitwa. "Mrembo, onja. Huu si moshi, ni pera tu." Kipusa akaonja. Fyuu, akavuta. Puu, akatoa. Kesho yake akarudi mwenyewe. Keshokutwa akarudi mbio. Mwisho akawa hawezi kuamka bila kibuyu.

Jioni baba ananusa. Fnn! Fnn! Pera. "Binti yangu anakula matunda. Nenda kalale."

Kipusa anakohoa: koho! koho!

"Vumbi hilo," anasema baba, na anaendelea kutafuna mapera yake.

Mama yake hakuwa na pua ya kujivunia, lakini mtoto akipumua alimsikia. Siku moja akajilaza naye kwenye tope, taratibu, bila ugomvi.

"Mwanangu, sikugombezi. Pumzi yako imekuwaje?"

Kipusa akaangua kilio. "Mama, ni kile kibuyu cha Kicheche. Nataka kuacha, nashindwa. Nikikikosa natetemeka, roho inanipaa. Usimwambie baba!"

"Tutaacha pamoja, kidogo kidogo. Ukiteleza tutaanza tena. Lakini Kicheche lazima ahame, na wa kumhamisha ni baba yako."

Mama akaenda. "Baba Kipusa, mtoto anaumwa. Mvuke wa Kicheche una tumbaku."

Kifaru mdomo umejaa. "Tumbaku inipite mimi, kwa pua hii? Kipusa! Njoo! Fungua kinywa!" Fnn! Fnn! "Pera! Mama Kipusa, unanitukana nyumbani kwangu? Na wewe binti, nikisikia tena upuuzi huu nitakuvunja miguu!"

Kipusa akafunga kinywa. Tangu siku hiyo hakusema tena, hata kwa mama yake. Msinicheke nikifuta macho, hapo ndipo panaponiuma kuliko pote.

Kiangazi kikafika. Moto ukashuka, wuuu! Moshi ukatanda hata mwenye macho haoni. Wanyama mbio, Kifaru mbele, mkewe ubavuni, di! di! di!

"Baba Kipusa, mtoto yuko?"

Fnn! Fnn! "Pera. Yuko nyuma yetu. Kimbia!"

Di! di! di!

"Baba Kipusa, mtoto yuko?"

Fnn! Fnn! "Pera. Yuko. Kimbia!"

Wakaingia mtoni. Wakageuka. Hakuna mtoto. Ni vibuyu vya Kicheche vilivyokuwa vinaungua, na bonde zima linanuka pera.

Kifaru akageuza pua huku, pera. Akageuza kule, pera. Akalia, "Kipusa! Kipusa wangu, itika!" Lakini kuitika kunataka pumzi, na Kipusa pumzi alikuwa hana. Mama akajitosa motoni, moto ukamrudisha. Akajitosa tena, ukamrudisha.

Asubuhi walimkuta amepiga magoti karibu kabisa na maji. Alikuwa ameshakufa.

Kicheche akachomoza shimoni mwake, akajikung'uta majivu. "Pole sana, mzee. Hili kapu la leo, nikuwekee wapi?"

Funzo mnalitaka? Haya, shikeni. Mzazi mwenye pua hana haja ya kuuliza. Mtoto akikohoa, sema ni vumbi. Akikuambia kweli, mtishe mpaka anyamaze. Na mgeni akikuletea kapu, kula kwanza, tena udai la pili.

Hadithi yangu imefika mwisho wa njia. Ingekuwa tamu, tungegawana. Hii ni chungu, kila mmoja aende na yake nyumbani.