Kitanda Kilichomtangulia Mgonjwa

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana miwani ilikuwa imeshafika, juu kabisa katika milima ya Upare aliishi mwanamke aitwaye Namkunda. Miaka minane ya ndoa bila mtoto, kisha mimba ikashika! Akawa anatembea kama aliyejitwika mtungi uliojaa pomoni.

Kila asubuhi, kabla jembe halijagusa udongo, majirani zake watatu waliingia kwake kusali. Walikuwa na desturi yao ambayo hutaikuta kwingine. Mmoja anasoma Neno la siku hiyo katika kitabu cha masomo. Wa pili anaomba, tena haombi mambo yake. Anaomba kutoka mle mle ndani ya somo. Wa tatu anatenda: kabla jua halijazama, lazima afanye kwa mikono yake jambo moja lililosomwa. Likisomwa la kuosha miguu, ujue leo kuna miguu itaoshwa utake usitake.

Msomaji alikuwa Bibi Navoneiwa, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mwombaji alikuwa Mama Nakijwa, aliyeyajua masomo ya mwaka mzima bila kitabu. Mtendaji alikuwa Nankondo, mjane kijana, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa mdomo.

Siku moja Bibi Navoneiwa akafunua kitabu. Kumbe kurasa mbili zimegandana kwa uji! Akairuka siku nzima bila kujua, akasoma habari za mtu aliyepooza: watu wanne walivyombeba, walivyokuta umati mlangoni, walivyotoboa dari wakamteremsha na kitanda chake mbele ya Yesu.

Mama Nakijwa akaomba. Aliomba, jamani! "Bwana, tupe mabega! Asiyeweza kutembea leo asikose wa kumbeba, wala asikose kitanda cha kumbebea!" Amina yake ikatikisa mabati.

Nankondo akashika kiuno. "Sasa mimi nitende nini? Nikatoboe paa la mtu?"

"Ukiligusa langu tutaonana," akasema Namkunda, akicheka huku ameshika tumbo.

"Basi kitanda! Mgonjwa hakuna, lakini mmetaka kitanda, mtapata kitanda."

Akakata miti miwili, akasuka kamba, akatandika blanketi. Saa nne machela ilikuwa tayari, naye akaipitisha nyumba kwa nyumba kwa mbwembwe. "Nani amepooza hapa? Leo tunabeba bure!" Watu wakacheka hadi machozi.

Saa sita mchana Namkunda akashikwa na uchungu. Mwezi mzima kabla ya wakati, na damu ikatangulia! Gari halipandi kule. Machela ya kijiji ilikuwa imeazimwa ng'ambo ya mlima, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Namkunda alilala sakafuni akawaza jambo moja tu: miaka minane, Bwana, miaka minane.

Ndipo machela ya mzaha ikaingia mlangoni! Mumewe akashika, na wanaume watatu wakashika. Wakateremka naye mbio: matope, mawe, "Shika! Inua! Polepole hapo!" Mpaka zahanati. Kabla jua halijazama, mtoto wa kike akalia.

Muuguzi akafuta jasho. "Mngechelewa nusu saa, mngebeba maiti mbili."

Vigelegele vikapanda mlima! Lakini kule, mtoto aliyeponea chupuchupu hupewa jina la aliyemponya, na jina ni moja, halikatwi vipande kama muwa. Mwenye jina ndiye atakayemlea mtoto katika sala maisha yake yote. Wakaja wote watatu, kila mmoja analitaka.

"Mimi ndiye niliyesoma," akasema Bibi Navoneiwa. "Nisingesoma, kingetoka wapi kitanda?"

"Ulikosea ukurasa, Bibi!" Nankondo akadakia.

"Nilikosea, sikatai. Lakini Neno lililomwokoa lilitoka katika kinywa hiki. Na mimi sina mjukuu hata mmoja mwenye jina langu."

Mama Nakijwa akasema, "Mimi niliona kosa tangu mstari wa kwanza. Ningesema tu, 'Bibi, rudi nyuma,' kitanda kisingetajwa. Nilinyamaza, kisha nikakiomba kwa jina lake."

"Na kwa nini ulinyamaza?" Namkunda akamwuliza.

Mama Nakijwa akainamisha macho. "Somo la siku lilikuwa la kupatana na ndugu yako kabla ya kutoa sadaka. Mimi na dada yangu hatusemezani tangu mavuno. Sikutaka kuliomba."

"Haya, mmoja kakosea, mmoja kajificha!" akasema Nankondo. "Malengelenge yangu haya hapa. Sala haimbebi mtu mlimani, machela ndiyo inayobeba."

"Uliitengeneza ukitucheka," akasema Bibi. "Sisi na sala zetu."

Nankondo akavitazama viganja vyake. "Kweli, nilicheka. Lakini mafundo niliyakaza sawasawa."

Namkunda akamgeukia mumewe. Mumewe akasema, "Aliyebebwa ni wewe. Chagua wewe." Namkunda hakulala vizuri wiki nzima. Aliwapenda wote, na alijua atakayekosa huenda asirudi tena asubuhi kusali. Akikosekana mmoja tu, sala yao imekwisha.

Jumapili ikafika. Kanisa limejaa hadi madirishani, kwaya inaimba, mtoto yuko mikononi, moyo wa Namkunda unadunda kwa furaha na hofu. Mchungaji akachota maji, akauliza, "Mtoto huyu anaitwa nani?"

Wanawake watatu wakainuka pamoja kwenye benchi la mbele. Namkunda akafungua mdomo.

Haya, wasikilizaji wangu, maji yako kiganjani mwa mchungaji na yanavuja! Msininong'oneze, semeni kwa sauti. Je, nani alistahili jina lile: aliyekosea, aliyenyamaza, au aliyecheka?