Kwa Nini Wazee Huketi Chini Mbele ya Mjane

Zamani, ukoo wetu ulipokuwa bado unaishi kule juu mlimani, mke hakuwa na neno katika agano. Ninyi mnaochekacheka hapo nyuma, nyamazeni msikie, maana jambo hili litawafika. Agano la ukoo waliliapa wanaume peke yao. Mke aliyakuta mambo yameshapangwa: alime, apike, amtunze mama mkwe mpaka amzike. Mume akifa, anarithiwa na shemeji pamoja na nyumba na shamba. Akikataa, aende zake na watoto awaache.

Na mbishi alivunjiwa chungu. Hilo halikuwa jambo la mchezo. Mzee alikiinua chungu juu ya kichwa, akataja jina la mtu na kosa lake, akakipasua chini, na yule mtu akaanza kukonda mpaka kaburini. Jina likishatajwa, chungu hakikuweza kutuliwa hivi hivi. Ama kilipasuliwa, ama aliyekifinyanga alikipokea kwa mikono yake mwenyewe. Tena kilitumika chungu kipya kisichowahi kupikiwa, kwa sababu laana yake humfuata kila aliyekula ndani yake.

Basi alikuwako mfinyanzi mmoja aliyeitwa Nakijwa. Mumewe alifariki akamwachia watoto wawili wadogo. Siku ya kuanua matanga, shemeji yake mkubwa, Mrindoko, alifika uani na wazee wa ukoo, akamwambia afungashe vyombo, leo anahamia kwake. Nakijwa alimjua vizuri mtu huyo. Wake zake wawili walikuwa wakijifunika mabega hata wakati wa jua kali, na kila mtu alijua wanaficha nini.

"Sihami, shemeji," akasema. "Mama nitamtunza kama agano linavyotaka. Lakini kwako sihami."

"Basi toka. Watoto ni wa ukoo."

Watoto wakamng'ang'ania mama yao. Nakijwa hakutoka. Mrindoko akapandwa na hasira, na chungu kipya cha kiapo kilikuwa mbali, ng'ambo ya bonde. Mtu mwenye akili angetuma kikaletwa. Yeye aliingia jikoni, akatwaa chungu kikubwa kilichokuwa mafigani, akamwaga makande yaliyobaki, akatoka nacho nje na kukiinua juu ya kichwa.

"Nakijwa," akasema, "umeukana ukoo wa mume wako."

Jina likawa limetajwa. Ndipo mzee mmoja akaanza kulia kama mtoto, na wengine wakaelewa. Chakula chote cha msiba kilipikwa ndani ya chungu kile. Wazee walikula, Mrindoko alikula, mama yake alikula. Watoto wa Nakijwa nao walikula.

"Usikiachie," wakamsihi. "Usikiachie, tutakwisha wote."

Mrindoko alikuwa amekwisha kuelewa. Jasho lilimwingia machoni asiweze kulifuta. "Shemeji," akasema kwa sauti ndogo, "pokea chungu chako."

Nakijwa alitaka kumkimbilia. Wanawe walikuwa pale pale miguuni pake. Lakini alijua kwamba akikipokea bure, kesho ataletewa chungu kingine, kipya, nacho kitammaliza yeye peke yake. Akaificha mikono ndani ya nguo.

"Nitakipokea nikishaulizwa ninataka nini," akasema.

"Watoto wako nao wamekula humu!" akasema Mrindoko.

"Najua. Ninaogopa kuliko wewe."

Chungu kikaanza kuinama upande. Ndipo mama mkwe, bibi kizee Namvua, ambaye naye alirithiwa ujanani bila kuulizwa, akajikongoja mpaka mbele ya mkwewe, akaketi chini kwenye vumbi.

"Mwanangu," akasema, "unataka nini?"

Wazee walipoona hivyo wakaketi nao, mmoja mmoja, macho yao yakiwa juu kwenye chungu. Nakijwa akasema upesi, maneno yakigongana mdomoni: nyumba ni yake, na shamba, na watoto. Kurithiwa, atakubali au atakataa mwenyewe. Na mama mkwe hatamwacha, atamlisha mpaka amzike. Wazee wakaitikia, na Mrindoko akaitikia kuliko wote. Nakijwa akanyoosha mikono akakipokea. Kilikuwa na majasho, kikamteleza kidogo, watu wakafumba macho. Walipofumbua, alikuwa amekikumbatia kifuani, naye ameanza kulia.

Na tangu siku hiyo, katika ukoo wetu, matanga yakianuliwa mjane husimama mlangoni na chungu chake kilichopikiwa chakula cha msiba mikononi, nao wazee huketi chini na kumuuliza anataka nini. Wala agano lolote haliapwi tena bila mwanamke kuwapo. Msidhani wanafanya hivyo kwa wema wao, wanafanya kwa woga. Nasi wajane tunaogopa vile vile, ndiyo maana hakuna mjane aliyewahi kumtelekeza mama mkwe. Mimi nilipofiwa nilisimama mlangoni na chungu changu. Shemeji yangu mkubwa aliniuliza swali lile bila kuniangalia usoni hata mara moja. Alikuwa anatazama vidole vyangu.