Ubapa Mdogo wa Kisu cha Muhriz

Wametusimulia waliotutangulia, na ajuaye hakika ni Mwenyezi Mungu peke yake, kwamba katika bonde moja la nchi ya Sham aliishi mama mchamungu, jina lake Umaima binti Ghaylan. Marehemu baba yake alikuwa ameacha mlozi mmoja kando ya njia ya mahujaji, akauweka wakfu: kila msafiri apitaye ale lozi zake, wala asiulizwe katoka wapi. Maadamu mti ule ulizaa, thawabu za mzee zilikuwa zikimfuata kaburini.

Mwaka mmoja mti ukaanza kukauka. Njia ya kuuokoa ilikuwa moja tu: kukata kitawi kilicho hai na kukibebesha juu ya mche wa mlozi mchungu, ili mti mtamu uishi kwa mizizi ya mwenzake. Kazi hiyo ina kisu chake maalumu. Ni kisu cha kukunja: kina ubapa mkubwa wa kukatia tawi, ubapa mdogo wa kuchongea kitawi kwa mkato mmoja, na ulimi wa mfupa wa kuinulia gome bila kulijeruhi. Kisu cha baba yake kilikuwa kimekatika kamani, kile chuma kinachobana bapa, hakifunguki wala hakifungiki. Umaima, kwa uchungu wake, akajaribu kwa kisu cha jikoni, na vitawi viwili vikafa mkononi mwake. Kikabaki kimoja. Na majira ya kuchipua yalikuwa mlangoni. Kitawi kikishachipua, hakibebesheki tena.

Akafunga safari hadi soko la wafua visu.

Nawaombeni mumtazame vizuri anavyochagua, maana wengi wetu kisu tunakichukua kwa kung'aa kwake, na wengine hata mchumba. Katika soko lile ilikuwa desturi muuzaji kumpa mnunuzi kijiti cha kujaribia, na vijiti vyote vilikuwa vya mti laini unaokatika kwa ukucha. Umaima alikuja na vijiti vyake vya mlozi mchungu, kavifunga kwenye pindo la mtandio. Kila kibanda alichofika alikikunjua kisu karibu na sikio, akasikiliza kamani inavyolia. Akakishika kuelekea juani kuona kama mwanga unapenya baina ya bapa na mpini. Akautikisa kila ubapa kwa kidole gumba. Kisha, jambo lililowashangaza wote, akaanza kukata kwa ule mdogo.

"Bi mkubwa," akasema mchuuzi mmoja aitwaye Abu Lubaba, "watu wote huanza na mkubwa!"

"Najua," akajibu. "Na nyie mnajua kuwa watu wote huanza na mkubwa."

Wenye vibanda wakacheka. Abu Lubaba akaapa, "Wallahi bapa hizi ni ndugu wa tumbo moja!" Umaima akakata kijiti chake. Ule mdogo ukaliponda gome badala ya kulikata. Akamrudishia kisu kwa upole, akasema, "Basi ndugu huyu mmoja hakunyonya," akaendelea na safari yake. Soko zima likawa linamfuata kwa macho, kila mtu akitaka kujua mama huyu atanunua kwa nani.

Mwisho wa uchochoro alikaa Muhriz, mfua visu mkimya, mtu wa swala na familia kubwa. Wateja walikuwa wamemkimbia siku nyingi, kwa kuwa hakuwa na ulimi wa sokoni. Alikuwa na kisu kimoja tu cha kubebeshea. Umaima akakisikiliza, akakitazama juani, akakitikisa. Akakata kwa ubapa mdogo: gome na mti vikakatika pamoja, laini, bila unyuzi hata mmoja. Akajaribu mara ya pili, ikawa vilevile. Uso wake ukakunjuka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Hiki ndicho."

Na hapo, ndugu zangu, ndipo mtihani ulipoanza, na haukuwa wa yule mama. Muhriz alipokuwa akiuzamisha ubapa ule majini ukiwa mwekundu wa moto, alikuwa na haraka, na alisikia sauti ndogo, *tik*, ambayo mfua visu haisahau. Ufa mwembamba kuliko unywele ulikuwa umepita kwenye shina la ubapa, pale unapoingia ndani ya mpini. Hakuna jicho la mnunuzi lingeuona. Alikuwa amekiunda kisu hivyohivyo, akijiambia kuwa ubapa ule labda utadumu. Sasa mama wa watu amekijaribu kwa mikono yake, amekitikisa, ameridhika. Shetani akamnong'oneza: hajakuuliza. Na watoto nyumbani walikuwa wakingoja chakula.

Muhriz akanyamaza. Inasemwa alinyamaza mpaka Umaima akawa anakifunga kile kisu kwenye pindo la mtandio.

"Mama," akasema, "nirudishie. Kina ufa."

"Uko wapi? Mbona sikuuona?"

"Usingeuona. Mimi niliusikia."

Umaima hakukasirika, kilichomshika ni udadisi. Akaketi kizingitini akaomba aoneshwe. Muhriz akang'oa msumari wa mpini, akautoa ubapa mdogo, akauminya baina ya vidole vyake. Ukakatika bila ubishi. Wote wawili wakainama kutazama: nusu ya pale ulipokatikia palikuwa paking'aa kama chumvi, na nusu ilikuwa nyeusi, imekwisha kuingia kutu. Umaima akakitazama kile kipande kwa muda, akaona akilini kitawi cha mwisho cha baba yake kimepasuka katikati kwa chuma kilichovunjikia ndani yake. Machozi yakamtoka.

"Unaweza kuniundia mwingine?"

"Naweza. Ila mpaka kesho alasiri. Nilipoharakisha ndipo nilipoharibu."

Wenye vibanda wakamwambia, "Mama, visu vimejaa soko zima! Kesho mti wako utakuwa umechipua." Na walisema kweli, jambo hilo lingeweza kutokea, naye alilijua kuliko wao. Moyo ulimwambia achukue chochote akimbie. Lakini alikwisha kukimbia mara mbili na kisu cha jikoni. Akasema, "Mtu aliyenionya nisinunue kwake, nitaacha kumngojea nimwendee nani?" Akalala kwa jamaa zake pale mjini, akisoma dua na kumkumbuka baba yake.

Kesho yake Muhriz aliuzamisha ubapa mpya majini akiwa ametulia, sikio lake limeinama. Hakukusikika kitu. Umaima akakichukua kisu akarejea bondeni. Alikuta kitawi chake kimevimba, lakini hakijafunguka. Akasema Bismillahi, akakata mkato mmoja, akainua gome la mche mchungu kwa ule ulimi wa mfupa, akakipachika, akakifunga kwa uzi wa sufu. Ukapita muda wa kuumiza moyo. Kisha kitawi kikachipua.

Miaka ikaenda. Muhriz akazeeka, Mwenyezi Mungu akamjaalia kwenda Hija. Katika njia ile akakuta milozi mistari kwa mistari, na mahujaji wamepumzika kivulini mwake. Mlinzi wa wakfu, binti wa ndugu yake Umaima, akamletea lozi kwenye kikapu.

"Mzee wangu, karibu. Hapa hatudai kitu. Ila shangazi yangu, Allah amrehemu, ametuachia desturi: anayekula aseme kwanza, Ewe Mola, mrehemu Ghaylan aliyepanda, na Muhriz aliyesema kweli."

Mzee akasema, "Ewe Mola, mrehemu Ghaylan aliyepanda." Akakomea hapo.

"Malizia, mzee wangu," binti akamwambia kwa adabu. "Au humjui huyo wa pili?"

"Namjua," akasema huku analia. "Alikuwa karibu sana kunyamaza."

Enyi ndugu, soko lina njia nyingi za kukijaribu kisu, na mama yule alizijua zote, lakini ufa ule ungempita. Kuna mahali katika kila bidhaa, na katika kila mja, ambapo jicho la mnunuzi halifiki, na habari za hapo anazo mwenyewe na Mola wake. Muhriz alipoteza mauzo ya siku moja, naye hakujua kwamba watu asiowafahamu watakuwa wakimwombea dua njia nzima ya Hija. Tumwombe Mwenyezi Mungu asitufanye wa kunyamaza, na tukinyamaza, atujaalie tuseme kabla mtandio haujafungwa.