Kanga na Tundu la Hondohondo

Paukwa!
Pakawa!
Kanga ana mayai mangapi?
Kumi na mawili, tumeyaona wenyewe!
Basi ishikeni idadi hiyo, maana hadithi inaila.

Hapo zamani za kale, mvua iligoma. Mto ukawa mchanga, majani yakawa vumbi, na wanyama wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Swala akiinama kunywa kidimbwi kilichobaki, mwenzake humhesabia mafunda.

Mwaka huo Kanga alikuwa na mayai kumi na mawili chini ya kichaka cha miiba. Aliyaatamia, lakini moyo haukutulia. Kila jani lilipochakacha, aliinua shingo.

Siku moja akamwona jirani yake Hondohondo, ndege wa mdomo mrefu, akipita na tope mdomoni. Akapita tena. Akapita tena. Tundu la mti wa mninga likazibwa, ukabaki ufa mwembamba kama kidole. Na tangu siku hiyo mke wa Hondohondo hakuonekana.

Nyani alikuwa juu ya jabali akijikuna. Akashuka, akamwuliza Kanga kwa upole kama amemwona mama yule siku hizi. Kanga akasema hajamwona.

"Dada Kanga," Nyani akasema, "mwenye chakula cha haki hazibi mlango kwa tope. Mimi sisemi kitu. Lakini ningekuwa wewe, ningekwenda kutazama."

Kanga akaacha mayai, akaenda kujificha nyuma ya kichuguu. Hondohondo akafika na panzi, akagonga gome, ko ko ko, akamtia panzi ufani. Kanga akaimba moyoni:

Ko ko ko, nani yumo humo?
Ko ko ko, mnaficha nini?

Aliporudi, mayai yalikuwa kumi.

Nyani akaja kumpa pole huku akifuta midomo. Akamwuliza ni nani mwingine hapa mwenye mdomo mrefu wa kubeba yai.

Kesho yake Kanga akaenda tena. Akakaa zaidi. Hondohondo akafika na mjusi, akagonga, ko ko ko, mjusi akaingia.

Ko ko ko, nani yumo humo?
Ko ko ko, mnaficha nini?

Aliporudi, mayai yalikuwa saba. Usiniulize alilia vipi.

Siku ya tatu alikaa kutwa nzima. Jua lilipoelekea kushuka, Hondohondo akafika na kitu cha mviringo mdomoni. Akagonga, ko ko ko, kikaingia. Kanga hakuimba. Alikimbia nyumbani, akakuta mayai matano.

Akaita wanyama. Ngiri akaja, Swala akaja, Kindi akaja. Nyani akaja mbele ya wote, akasema yeye ana mikono, ataubomoa ule ukuta, wengine wasimame mbali. Hondohondo alikuwa ameondoka kutafuta chakula. Lakini Ngiri akasema mwenye mayai achungulie kwanza.

Kanga akaruka mpaka ufani, akaweka jicho. Ndani akamwona mke wa Hondohondo, uchi, bila unyoya bawani, amelalia mayai mawili.

"Shoga, nani amekufungia humu?"

"Nimejifungia mwenyewe. Mume wangu ameleta tope, mimi nimekandika. Manyoya nimewatandikia wanangu."

"Na mumeo akichukuliwa na mwewe? Si utafia humu?"

"Naogopa kila siku. Akigonga, nakula. Akichelewa, nageuza mayai. Hiyo ndiyo kazi iliyoniingiza humu."

Kanga akauliza kuhusu kile cha mviringo. Akaonyeshwa nusu ya tunda la mkuyu, tena limeoza upande.

Kisha mke wa Hondohondo akamwuliza kwa sauti ndogo, "Mayai yako yanapopotea, wewe unakuwa wapi?"

Kanga akageuza shingo kutazama kichaka chake. Halafu akasema, "Nakuwa hapa. Nawachunga ninyi."

Wanyama wakageuka. Nyani alikuwa ameshaanza kurudi kinyumenyume.

"Babu Nyani," Kindi akasema, "ndevu zako zina kiini cha yai."

Nyani akatimua mbio. Ngiri akamkimbiza, na pembe yake ikamkuta makalioni. Mpaka leo pale hapajaota manyoya.

Kanga akarudi kwenye kichaka chake. Mayai matano, na mawili yalikuwa yamekwisha kupoa. Akanyonyoa manyoya ya kifuani, akayatandika, akalalia. Hofu haikwenda popote. Jani likichakacha, shingo inataka kuinuka. Lakini akisikia kutoka kwenye mninga, ko ko ko, alijua mwenzake yumo gizani na bado anafanya kazi yake. Naye akageuza yai moja.

Mvua ilikuja? Ilikuja, ila ilichelewa. Ilipofika, iliwakuta vifaranga watatu wa Kanga wakikimbia. Na kule juu ukuta wa tope ukabomolewa kutoka ndani.

Wenzangu, siku za mashaka zikifika, usiache kiota chako ukachunge tundu la jirani. Anayekushawishi ulichunge, mtazame midomo. Na ukimwona mwenzio anashika kazi yake huku anaogopa, usimtilie shaka. Chukua moyo kwake, ukashike yako.

Hadithi yangu nimeiatamia, imeanguliwa, imeruka. Itakapotua kwako, usiiache ipoe.