Kwa Nini Vyungu vya Shelemba Huinama

Ukifika Shelemba siku ya sherehe ya soko, jambo la kwanza utakaloliona, kabla hujaonja chochote, ni kwamba vyungu vyote vimeinama. Vinachemka vikiwa vimelalia upande, na mgeni asiyejua huvikimbilia mikono mbele ili avidake visianguke. Wenyeji humcheka, kisha humpa bakuli. Basi msidhani wapishi wetu ni wazembe. Sogeeni, mniachie nafasi ya kunyoosha miguu, niwaeleze ilivyokuwa.

Zamani hizo Shelemba ulikuwa mji wa nyua. Watu walikuwa wamehamia kutoka kila upande: watu wa Ziwani na samaki wao, watu wa Milimani na ndizi zao, watu wa Ng'ambo na viungo vyao, watu wa Kusini na mtama wao. Kila familia ilikuja na mafiga yake matatu, mawe ya kutelekea chungu, yaliyobebwa kutoka nyumbani kwao. Waliamini kwamba baraka ya nyumba imelala ndani ya mafiga, na figa likivuka ua, baraka imekwenda nalo.

Sokoni walikutana, hilo halikuepukika. Walipatana bei, wakatupiana maneno mawili matatu, kila mtu akarudi uani kwake. Sikukuu zilikuwa nyingi, lakini kila watu walikuwa na zao. Ngoma zikilia kwa watu wa Ziwani, wengine wote walifunga milango. Vyungu vilifunikwa kwa majani ya migomba ili hata harufu isivuke kwa jirani. Ebu fikirieni, watu wazima wanaficha harufu! Na bado kila mmoja alijiona mjanja.

Katika mji huo aliishi mama mmoja wa Kusini, jina lake Somoe. Yeye na mumewe, Chande, waliondoka kwao na mafiga yote matatu, lakini Chande akashikwa na homa njiani, akafa. Hapakuwa na kitu cha kuweka alama kaburini. Somoe akachukua mafiga mawili, moja akaliweka kichwani pa marehemu, la pili miguuni, akaendelea na safari akiwa na binti yake Asumini mkononi na figa moja kichwani. Alipofika Shelemba alichoma muhogo na korosho kwenye makaa, akauza, akala hivyohivyo. Chungu hakijapata kusimama juu ya jiwe moja. Jiwe la kuokota tu halikuhesabiwa kuwa figa, kuomba kwa watu aliona aibu, na hata angeomba nani angempa?

Asumini alikua, akaolewa, akazaa mtoto wa kiume. Hapo ndipo shida ilipoanza. Kwa watu wa Kusini mtoto hapewi jina mpaka bibi mzaa mama ampikie uji wa mtama na tui la nazi, upikwe juu ya mafiga, nje, mbele ya watu. Kabla ya hapo hatoki mlangoni, na wote humwita Mgeni. Somoe alitaka mtoto aitwe Chande. Lile kaburi liko mbali porini, pengine nyasi zimeshalifunika, na jina hilo hakuna mwingine aliyekuwa nalo.

Wiki zikapita, uji haukupikwa. Mama mkwe wa Asumini, Bi Mwajabu, hakuwa mtu mbaya, ila subira hakujaliwa. Siku moja alikuja na mbeleko begani.

"Dada Somoe," alisema, "mwezi ukiandama kabla hujampikia, nitamchukua mjukuu wangu nikampe jina kwetu. Mtoto hawezi kuwa mgeni mpaka aote ndevu."

Somoe alimkaribisha maji, na Bi Mwajabu akayanywa, akaenda zake.

Mwezi ulikuwa umebakia kama ukucha pale watu wa Ziwani walipofanya sikukuu yao ya samaki. Somoe alikuwa uani kwake, mlango ameufunga kama ilivyo desturi, mara akasikia upande wa pili wa ua mlio mkubwa: paa! Kisha ukafuata ukelele. Mpishi wa mwaka ule, Nyangeta, alikuwa na figa moja la jiwe la mto wa kwao, nalo lilipopata moto sana likapasuka vipande. Chungu cha samaki wa ukoo mzima kilikuwa kinalala, na Nyangeta amekikumbatia kwa gunia bichi huku analia, "Jamani, naungua! Kinaniponyoka!"

Watu wa Ziwani walisimama wakitazama. Kila mmoja alikuwa na mafiga nyumbani kwake, na kila mmoja alikuwa anaifikiria baraka yake. Somoe hakufikiri. Alinyanyua figa lake, akausukuma ua wa makuti kwa bega mpaka ukapasuka, akapita mbele ya wazee waliokodoa macho, akalisukumiza jiwe chini ya chungu. Kikakaa.

Sikukuu ikaendelea, ila watu walikula kwa woga, wakisubiri matumbo yaume. Hayakuuma. Walisubiri chungu kipasuke, au mvua ya mawe inyeshe. Haikunyesha hata ya maji. Jioni walishiba, wakasahau kuogopa.

Asubuhi Nyangeta alilirudisha figa, juu yake ameweka bakuli la samaki. Aliangalia huku na huku pale uani.

"Mama Asumini, mbona jikoni kwako hakuna moto?"

Kwa mara ya kwanza tangu aingie mjini, Somoe alimweleza mtu habari ya mawe mawili na kaburi. Alieleza mpaka habari ya mtoto na ya mwezi. Nyangeta aliyatazama malengelenge ya viganja vyake.

"Langu moja limepasuka, nimebaki na mawili," alisema. "Wazee hawatakubali niyatoe yote, majivu ya jikoni lazima yabaki na figa la kuyalinda. Lakini moja nitakupa. Waniseme, wakichoka watanyamaza."

Yakawa mawili. Walikuwa bado wanakuna vichwa pale sauti ilipotoka kwenye tundu la ua wa upande wa pili. Alikuwa Bi Kulsumbai, mama wa Ng'ambo, muuza viungo, ambaye inaelekea alikuwa amesikia yote.

"Mimi nina la tatu," alisema. "Ila na mimi nataka samaki. Miaka yote hii namnusa, nalala na hamu yake, na majani yenu ya migomba hayazuii chochote!"

Wakacheka, wote watatu. Wakakubaliana wasipike uani kwa yeyote, wapike katikati ya soko, ambako si kwa mtu.

Siku ya kupika, mwezi ukiwa bado haujaandama, soko zima liliacha kuuza. Bi Mwajabu alisimama mbele kabisa, mikono kifuani, mbeleko begani. Figa la Somoe lilikuwa refu, la Nyangeta la mviringo, la Bi Kulsumbai fupi, limechongwa pembe nne kama sabuni. Chungu kilipotelekwa kikainama. Watu wakaguna. Bi Kulsumbai alitaka kuchomeka kigae chini ya jiwe lake, lakini Somoe akamzuia mkono, kwa sababu uji wa jina haupikwi juu ya kitu kilichochomekwa.

"Kikianguka," alisema Bi Mwajabu, si kwa ukali, "leo hii naondoka naye."

Somoe alikoroga. Uji ulipoanza kuchemka, chungu kilitikisika, kikateleza kidogo upande wa jiwe fupi. Asumini alifumba macho, akamkaza mtoto kifuani. Somoe aliuacha mwiko mlemle akabaki mikono hewani, asijue akishike au asikishike. Chungu kikateleza tena, ubavu wake ukakwama kwenye lile figa refu, kikatulia. Uji ukawa mzito, na kadiri ulivyokuwa mzito ndivyo chungu kilivyozidi kukaa. Hakikusogea tena. Bi Kulsumbai akapenyeza iliki bila kuuliza mtu.

Somoe aliketi palepale chini, kwenye vumbi la soko, akacheka na kulia kwa pamoja, akisema, "Afadhali! Jamani, afadhali!" Hofu ya wiki zote hizo ilimtoka kama mzigo unaotuliwa, na mwili ukawa mwepesi hata akashindwa kuinuka. Nyangeta alimshika mkono mmoja, Bi Kulsumbai mwingine. Somoe akachota kijiko cha kwanza, akampaka mtoto midomoni, akamwita kwa sauti: "Chande!"

Bi Mwajabu alipokea bakuli, akaonja, akaonja tena. Kisha akaitoa mbeleko begani, akamfunika nayo mjukuu wake. "Chande," alisema, "bibi yako kaniweka roho juu."

Hapo watu wa Milimani wakaja na ndizi, watu wa Ng'ambo wakaja na sambusa, watu wa Ziwani wakaleta ngoma. Majani ya migomba yalitandikwa chini yakawa sahani. Hakuna aliyepungukiwa na baraka, ila wengi walipungukiwa na nafasi tumboni.

Na tangu siku hiyo, sherehe ya soko ikifika Shelemba, hakuna mtu anayeteleka chungu juu ya mafiga yake mwenyewe matatu. Hutoa moja, akaazima mawili kwa watu wasiotoka kwao. Mawe hayalingani, hayajapata kulingana, na kwa hiyo vyungu huinama, wala hakuna anayechomeka kigae. Wa kwanza kuteleka huwa ni mtu wa ukoo wa Chande. Naye chungu kikishatulia huacha mwiko, huketi chini vumbini kidogo, kisha husimama akapakua.