Kipimo Alichokiiga Mihayo

Kipimo cha mwenzio hakiijui bunduki yako. Hayo ndiyo niliyomwambia Kashindye asubuhi hii, alipotaka kuchochea moto wa bani letu la kukaushia tumbaku kama alivyoona ukichochewa kwa jirani, nanyi mkacheka na kuniuliza bunduki na tumbaku vimekutana wapi. Haya, endeleeni kupanga majani, mimi nipeni masikio tu. Methali hii ilianza hivi.

Wakati wa ile vita ya pili ya Wazungu, huku kwetu Unyamwezi walikuwako watu wenye kazi ya kuswaga ng'ombe wa biashara kupitia porini mpaka stesheni ya reli. Njia ilikuwa ndefu, simba walikuwamo, na wezi wa mifugo nao hawakukosekana. Ndiyo maana wakuu wachache wa misafara walipewa kibali cha kubeba bastola. Mmoja wao alikuwa Mihayo, mtu mzima mwenye sauti kubwa na heshima kubwa. Mwingine alikuwa Lubinza, mdogo kwake kwa umri, mtu wa maneno machache. Mihayo alikuwa amemwoa Nyamizi, dada yake Lubinza, kwa hiyo wakaitana shemeji, na siku nyingi walikula sahani moja.

Vita ilipokolea, risasi za dukani zikaadimika, kisha zikakosekana kabisa. Wenye bastola wakaanza kuokota maganda yaliyokwisha kupigwa na kuyajaza upya majumbani mwao. Madini ya risasi waliyayeyusha kwenye mafiga na kuyasubu katika kalibu, kile chombo cha kuipa risasi umbo. Baruti waliipata kwa shida, nayo haikuwa ile nyeusi ya magobori. Ilikuwa ya kijivu, kali, ambayo kidogo chake ni kingi.

Lubinza aliiogopa baruti ile, na hakuona haya kuiogopa. Alikata ganda moja kuukuu, akalitia mpini wa waya, likawa kijiko chake cha kupimia. Alianza na baruti kidogo sana. Wala hakuishika bastola mkononi. Aliifunga kwenye gogo, akajibanza nyuma ya kichuguu, akavuta kamba. Bastola ikishalia, alihakikisha kwanza kwamba risasi imetoka na haikukwama ndani, kisha akaligeuzageuza ganda kwenye mwanga kuona kama limevimba au limepata ufa. Likiwa zima, aliongeza kidogo tu. Akiliona na dalili mbaya, alirudi nyuma. Kiangazi chote kilipita akifanya hivyo. Alipopata kiasi ambacho bastola yake ilikipokea bila kulalamika, alikipiga tupa kile kijiko mpaka kikalingana na kiasi hicho, akaacha hapo hapo, ingawa wenzake walimwambia aongeze ili ilie kwa kishindo zaidi.

Watu walimcheka. Mihayo ndiye aliyecheka kuliko wote. "Shemeji yangu anaiposa bastola," alisema. "Mahari hajamaliza kutoa mpaka leo!"

Lakini masika yalipokwisha, simba alivamia msafara wa Lubinza mchana kweupe, na Lubinza akamfukuza kwa bastola yake bila kupoteza ndama hata mmoja. Mihayo wakati huo alikuwa anabeba bastola tupu kiunoni, kama pambo. Sifa za Lubinza zikamfuata mpaka nyumbani kwake, tena kinywani mwa mkewe, maana Nyamizi alimpenda sana mdogo wake. Mihayo akaona aibu. Hiyo ilikuwa aibu ndogo, vijana wangu. Angeimeza, ingepita.

Akaenda kwa Lubinza, akazunguka maneno mpaka akafika kwenye baruti. Lubinza akafurahi.

"Ilete bastola yako, shemeji," akamwambia. "Tuifunge kwenye gogo, tuanzie chini kabisa kama nilivyofanya."

"Mimi nianze chini?" Mihayo akauliza. "Watu wanione nimejificha nyuma ya kichuguu, nafundishwa na mdogo wa mke wangu?"

"Hapana ubaya. Bastola yako ni ya zamani, na kalibu yako inatoa risasi nzito kuliko zangu. Yangu haiwezi kutujulisha habari za yako."

"Basi, yaishe," Mihayo akasema. "Nilikuwa natania."

Lubinza akaenda kunywesha ng'ombe. Kijiko kilibaki pale juu ya mtungi. Mihayo akakitazama, akatazama mlangoni, akatoa bonge la nta mkobani mwake na kukikandamiza humo mpaka nta ikashika umbo lake. Aliporudi kwake alichonga kijiko cha namna ile ile kwa kufuata nta hiyo. Akajaza maganda yake kwa kipimo cha Lubinza, na juu yake akaweka risasi zake nzito.

Siku ya kuondoka msafara wake, waswagaji walikusanyika uani kwake asubuhi, na Nyamizi alikuwa akiwapitishia uji. Mihayo akatoa bastola. "Msidhani ni mmoja tu mwenye bastola inayolia huku," akasema, akainyoosha juu, akafyatua.

Waliokuwapo walisema haikulia kama bastola, ililia kama chungu kinachopasuka. Moshi ulipotawanyika, kidole gumba cha Mihayo hakikuwapo. Na Nyamizi alikuwa amepiga magoti kwenye uji uliomwagika, mikono yote miwili usoni. Kipande cha chuma kilikuwa kimemwingia jicho la kushoto.

"Ni kipimo cha Lubinza!" Mihayo akapiga kelele. "Ni kipimo cha Lubinza hiki!"

Labda wakati ule hakukusudia uongo. Lakini mwanangwa, mkuu wa kijiji, alipokuja kuuliza habari, Mihayo alipata nafasi ya kuyanyoosha maneno yake, na hakuyanyoosha. Alisema Lubinza alimpa kipimo kwa mkono wake mwenyewe na kumwapia kwamba ni salama. Lubinza akakana. Wakaleta vijiko viwili, wakavilinganisha, vikawa kama mapacha. Nani angemwamini tena? Mtu aliyepoteza kidole atasingizia nini?

Jicho la Nyamizi halikupona. Mama yao, bibi kizee aliyeitwa Nshoma, akaacha kula chakula kilichotoka kwa Lubinza. Wenye ng'ombe wakaacha kumkabidhi mifugo yao. Lubinza mwenyewe akaanza kujitilia shaka, akijilaumu kwa kukiacha kijiko kile wazi. Akaivunja kalibu yake kwa nyundo na kujifungia katika kilimo chake cha mihogo. Akimwona dada yake njiani, aliinamisha uso na kuingia porini mpaka apite.

Na Mihayo je? Alipewa pole. Kila aliyefika alimletea kuku, au maziwa, na maneno mazuri. Kila asubuhi alimwona mkewe akipapasa upande wa kushoto kutafuta kata ya maji ambayo alikuwa ameiweka mwenyewe, na kila mara alisema moyoni, leo nitasema. Jua likatua, hajasema. Aibu aliyoikimbia kule kwenye kichuguu sasa ilikuwa imezaa, na watoto wake walikuwa wakubwa kuliko mama.

Kisha Nshoma akafariki. Kabla ya kukata roho alisema Lubinza asitie udongo katika kaburi lake.

Siku ya maziko watu walijaa. Mihayo, mkwe mpendwa, aliwekwa mbele pamoja na wakubwa wa ukoo. Lubinza alisimama mbali, ng'ambo ya shamba la mtama, kofia mkononi. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemwita. Jeneza likateremshwa, na jembe likawekwa mkononi mwa Mihayo, ule mkono usio na gumba. Akashindwa kulishika. Watu wakadhani ni kidonda, mmoja akasogea kumsaidia.

"Niacheni," Mihayo akasema. "Mwiteni Lubinza."

"Marehemu alikataza," wakamjibu.

"Alikataza kwa uongo wangu. Lubinza hakunipa kitu. Nilikiiga kijiko chake kwa nta, yeye akiwa mtoni na ng'ombe. Alinionya nianzie chini, nikaona nitachekwa."

Nyamizi akamgeukia mumewe, uso mzima, maana kwa jicho moja ilimlazimu kuugeuza wote ili amwone.

"Mama amekufa akimchukia mwanawe," akasema.

"Najua, mama Wande."

"Ulikuwa unakaa kando ya kitanda chake. Ulikuwa unampa maji."



Lubinza alikuwa amekwisha kuitwa na amefika. Aliyemwita alikwisha kumweleza njiani aliyoyakiri Mihayo, na hilo la mwisho la dada yake alilisikia mwenyewe. Watu wakangoja ampige Mihayo, na wengine walitaka ampige. Alimwuliza tu, "Kwa nini hukurudi tukajaribu pamoja, shemeji?"

"Niliona aibu."

"Na sasa?"

"Sasa sina hata pa kuiweka."

Lubinza akamtazama dada yake, akatazama ule mkono. "Kijiko changu hakikuwa kibaya," akasema polepole, kana kwamba alikuwa akijiambia mwenyewe baada ya miezi mingi ya kujishuku. "Kilikuwa kizuri kwangu. Kipimo cha mwenzio hakiijui bunduki yako."

Nyamizi akalichukua jembe lililomshinda mumewe, akampa mdogo wake. Lubinza akamfukia mama yake, akilia waziwazi, na hakuna aliyemzuia.

Msidhani mambo yakawa matamu hapo. Nyamizi alikwenda kukaa kwa Lubinza mpaka mavuno, na aliporudi kwa mumewe alirudi kwa hiari yake, bila kubembelezwa na mtu. Lubinza alirudishiwa ng'ombe wa kuswaga, lakini hakusubu risasi tena. Mihayo hakupewa tena kiti cha mbele, na mwenyewe hakukitaka. Kijana yeyote aliyemkuta akijisifu kuwa atafanya kama fulani, alimsimamisha, akamwonyesha mkono wake na kumsimulia yote, pamoja na yale ya kitandani kwa mama mkwe. Sauti yake ilikuwa imepungua sana. Watu wakachoka kuisikia habari nzima, wakabaki na maneno ya Lubinza tu, ndiyo hayo yaliyotufikia.

Jirani yetu bani lake ni la matofali, letu ni la udongo na miti, na majani yake yalivunwa makavu kuliko haya. Moto wake ni mzuri, sibishi. Ila sisi tutaanza na kuni chache, tutaingia kutazama majani, ndipo tuongeze. Na akitokea wa kutucheka, Kashindye, mwache acheke. Kipimo cha mwenzio hakiijui bunduki yako.