Ukucha wa Mize

Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto mchanga, shimo la udongo alilorithi kwa mama yake, na mikono miwili. Jina lake Mize. Alifinyanga vyungu, na kila chungu alikipapasa ndani na nje, akiridhika hakina ufa wala kokoto, ndipo alipobonyeza ukucha wa kidole gumba shingoni, ukatoka mwezi mwandamo, kisha kwa ncha ya kijiti akachora nyota kando yake. Ndivyo alivyofanya mama yake, na bibi yake. Sokoni watu hawakuuliza mengi. Walipapasa shingo ya chungu, wakiikuta alama wananunua.

Basi katika mji ule walikuwamo wazee wawili wasioivana. Mzee Faki alichonga mwezi na nyota juu ya mlango wake, akisema babu yake aliipata alama hiyo kwenye bendera ya Waturuki, ni ya dini na ya watu wa heshima, si ya kuunguzia maharage. Mzee Ubwa akasema Faki hajui kitu, kabla ya Waturuki ilikuwa kwenye sarafu za wafalme walioabudu mwezi, kwa hiyo ifutwe kila mahali. Walibishana barazani hadi wakanyimana salamu. Siku walipokubaliana jambo moja, jambo lenyewe lilikuwa Mize: aache kuichora alama ile.

Wakaja uani kwake na bakora, watu nyuma yao. Vyungu vya msimu mzima vilikuwa kivulini, bado vibichi, havijachomwa.

“Futa, mwanangu,” akasema Mzee Faki. “Kitambaa cha maji tu. Ukishindwa, tutakusaidia.”

“Chungu na mwezi wapi na wapi?” akadakia Mzee Ubwa. “Au unawapikia malaika?” Watu wakacheka.

Mize aliogopa, tena sana, mtoto analia mgongoni, akawaza si kitambaa tu, nifute yaishe, mwanangu ale. Lakini chungu kisicho na alama nani atakinunua, na nikifuta leo, kesho watanikataza nini, na mama yangu aliyezikwa na udongo kwenye kucha alimwibia nani alama hii? Akachukua kitambaa. Akakilowesha. Akakitazama. Akakifunga kichwani.

Kisha akaingia ndani, akatoka na kigae cha chungu cha kale alichokichimbua chini kabisa ya shimo, chini ya udongo aliouchimba bibi yake, pasipojulikana walikaa watu gani. Kilikuwa na mwezi na nyota, na ukucha uliobonyeza hapo ulikuwa mdogo kuliko wake. Akakiweka chini mbele yao, akashika donge la udongo mbichi, akalinyoosha kwao.

“Shikamooni wazee wangu. Bonyezeni kucha zenu hapa, halafu mniambie mwezi huu ni wa nani.”

Mzee Faki hakutaka, lakini watu wanatazama. Akabonyeza kwa nguvu kama mtu anayepiga muhuri. Mzee Ubwa naye akabonyeza, asije akaonekana kaogopa. Ikatoka miezi miwili, imepeana mgongo, na hakuna aliyeweza kusema upi ni wa nani. Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, wengine wakamfuata.

Hapo Mzee Faki akainua bakora, akakipiga chungu kilichokuwa karibu, kilichofinyangwa asubuhi ile. Hakikuvunjika. Chungu kibichi hakivunjiki, hupondeka tu. Mize akapiga magoti miguuni pake, si kwa kuomba, akauzoa udongo wote, akaukanda palepale, mtoto bado analia, akakifinyanga tena chungu mbele ya bakora ile ile. Alipofika shingoni akaubonyeza ukucha, taratibu, huku amemkazia macho.

Nawe uliyesimama na bakora juu ya alama ya mwenzako, umeshautazama ukucha wako?